Leskov kwa anayeanza: Bibi Macbeth, Msafiri au Mashoto?

Msomaji wa Kiswahili anayetaka kuzisoma hadithi za Warusi wa karne ya 19 hupewa majina yaleyale: Tolstoy, Dostoevsky, Gogol, Turgenev, Chekhov. Jina la Nikolai Leskov hutajwa mwishoni, na mara nyingi halitajwi kabisa. Mimi naamini kwamba kati yao wote huyu ndiye anayetufaa zaidi sisi tuliokulia kwenye masimulizi, kwa sababu hadithi zake bora zimetungwa kama maneno yanayotoka kinywani: mtu amekaa na wenzake, anaulizwa jambo, anaanza kujibu, anachepuka, anarudi, wasikilizaji wanamkatiza kwa maswali, naye anaendelea mpaka safari inakwisha. Warusi huuita uandishi wa namna hiyo skaz, na Leskov anahesabiwa miongoni mwa mafundi wake wakubwa. Ninapomsoma hujikuta naitikia "enhe" peke yangu, kama ninavyomwitikia mzee anaponieleza mambo ya zamani.

Shida ni pa kuanzia. Leskov aliandika mengi, zikiwemo riwaya ndefu, lakini anayemtafuta leo kupitia tafsiri za Kiingereza, ambazo kwetu ndizo zinazopatikana kwa urahisi, atakutana kwanza na kazi tatu: Bibi Macbeth wa Wilaya ya Mtsensk ya mwaka 1865, Msafiri Aliyerogwa ya mwaka 1873, na Mashoto ya mwaka 1881, ambayo jina lake kamili ni Kisa cha Mashoto Mwenye Makengeza wa Tula na Kiroboto wa Chuma cha Pua. Majina haya ya Kiswahili nimeyatafsiri mwenyewe ili tuelewane. Kwa kawaida mgeni huelekezwa kwenye kazi ya kwanza. Nadhani maelekezo hayo hayawafai wasomaji walio wengi, ingawa wapo ambao kweli inawapasa waanze nayo, na nitawataja.

Ni vyema kwanza kujua mtu huyu alitoka wapi, maana kila moja ya kazi hizo imebeba kipande cha maisha yake. Alizaliwa mwaka 1831 katika kijiji cha Gorokhovo, jimbo la Oryol, kusini mwa Moscow. Baba yake, mtoto wa padri aliyekataa kuwa padri, alikuwa mpelelezi wa makosa ya jinai. Leskov mwenyewe hakumaliza sekondari. Mwaka 1847 akaingia ukarani katika mahakama ya jinai ya Oryol, na majalada ya kesi yakawa yanapita mikononi mwake angali kijana wa miaka 16. Baadaye alihamia Kiev, na kati ya mwaka 1857 na 1860 aliajiriwa na kampuni ya mume wa dada ya mama yake, Alexander Scott, mtu wa asili ya Uingereza. Kazi hiyo ilimzungusha Urusi nzima, kwa mikokoteni na kwa majahazi ya mtoni, akilala wanakolala wachukuzi na akisikia wanayoyasema. Waandishi wengi wa wakati wake walikuwa wamiliki wa mashamba makubwa waliowafahamu wakulima kwa kuwatazama. Leskov aliwafahamu kwa kusafiri nao.

Nani anayesimulia

Tofauti ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni sauti. Katika Bibi Macbeth anayesema ni mtu wa mkoa ule anayekumbuka jambo lililotokea kwao. Anafungua kwa kueleza kwamba huko kwao huzuka wakati mwingine watu wa tabia ambazo, hata miaka ikipita mingi, huwezi kuzikumbuka bila moyo kutetemeka. Baada ya hapo hauzungumzii tena moyo wake. Mauaji yanaelezwa kwa utulivu wa karani wa mahakama: nani alishika nini, mwili ulipitishwa wapi, damu ilifutwa kwa nini. Msomaji anaachwa peke yake na anayoyaona, wala hakuna wa kumshika mkono.

Msafiri Aliyerogwa ni kinyume chake kabisa. Abiria wachache wako ndani ya meli ya mvuke katika Ziwa Ladoga, wametoka kisiwa cha Konevets na wanaelekea Valaam, kwenye monasteri kubwa. Wanazungumza hili na lile. Mazungumzo yanapofikia watu waliojiua, na kama inafaa kuwaombea dua, sauti nzito inatoka kwa mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemtambua: pandikizi la mtu aliyevaa kanzu ya mwanafunzi wa utawa, umri wake umepita miaka 50, kimo na sura yake kama Ilya Muromets, shujaa wa hekaya za Kirusi. Anaitwa Ivan Severyanych Flyagin. Wanamuuliza juu ya farasi, kwa kuwa amewahi kuwa mjuzi wa farasi asiye na mfano, na kuanzia hapo hanyamazi.

Alizaliwa mtwana, yaani mtu aliyemilikiwa na mwenye shamba pamoja na ardhi, hali iliyofutwa kisheria Urusi mwaka 1861. Akiwa kijana mwendesha farasi alimchapa mtawa mmoja mjeledi kwa mchezo tu. Mtawa akaanguka, akafa, na usiku akamjia ndotoni. Akamwambia kwamba mama yake alimwahidi kwa Mungu, na kwamba ataangamia mara nyingi lakini hataangamia, mpaka maangamizi yenyewe yafike, ndipo atakapoikumbuka ahadi hiyo na kuingia utawani. Yote yanayofuata ni utimizo wa maneno hayo. Anakuwa mwizi wa farasi, yaya wa kitoto kichanga, mateka nyikani, mnunuzi wa farasi wa knyaz mmoja, yaani kabaila wa cheo cha juu, askari wa Kaukazi, karani wa ofisi ya anwani, mwigizaji wa shetani katika kibanda cha maonyesho, na mwishowe mwendesha farasi wa monasteri. Kila anaposita, abiria wanauliza: ikawaje? ulifanyaje? Naye anajibu alichoulizwa, kwa unyoofu, bila kujitetea.

Kuna sehemu moja ambayo msomaji akiifikia atajua mara moja kama Leskov ni wake au si wake. Flyagin anashindana na Mtatari, mmoja wa Waislamu wafugaji wa nyikani, katika shindano la mijeledi, mshindi achukue farasi mchanga: wawili wanakaa chini wakitazamana, wameshikana mikono ya kushoto, na kwa ya kulia kila mmoja anamcharaza mwenzake mgongoni mpaka mmoja asalimu amri. Mtatari hasalimu amri; anakufa. Flyagin anakimbilia nyikani pamoja na Watatari wengine, ambao wanamwona kuwa mganga wa watu na wa farasi, na kwa hiyo hawataki awaache. Anapojaribu kutoroka wanamkamata, wanampasua ngozi ya visigino, wanatia ndani nywele za singa za farasi zilizokatwakatwa, kisha wanashona. Akikanyaga, nywele zinamchoma kama sindano. Hawezi kusimama wima. Anajikongoja kwa pembe za miguu, magoti yametanuka. Wanamfariji, wanamwambia sasa amekuwa ndugu yao. Anakaa huko miaka 10. Siku moja anapata makasha ya fataki yaliyoachwa na wageni, anagundua ndani yake udongo unaounguza ngozi, anajipaka nyayoni mpaka nyama inaoza na nywele zinatoka pamoja na usaha, ndipo anapoondoka. Yote haya anayaeleza bila chuki hata kidogo, kama mtu anayekueleza gari liliharibikia wapi na fundi alipatikanaje. Abiria wanashangaa, na mshangao wao ndio unaotupa sisi nafasi ya kuumia kwa ajili yake, maana yeye mwenyewe hajionei huruma.

Mashoto ina sauti ya tatu. Hapo msimulizi ni kama fundi mzee wa viwandani, mtu aliyesikia maneno makubwa ya wakubwa na kuyageuza kwa namna ya kwao. Sauti hiyo ndiyo raha yote ya kisa hicho, na ndiyo pia tatizo lake kwa msomaji wa tafsiri. Nitairudia.

Wanawake wawili, vifo vingi

Anayelinganisha Bibi Macbeth na Msafiri asiulinganishe urefu tu, alinganishe pia uzito wa maumivu, kwa sababu zote mbili zina mwanamke aliyependa kuliko alivyopendwa, na wanawake hao wote wawili wanaishia mtoni.

Katerina Lvovna Izmailova ana miaka 23, ameolewa na mfanyabiashara aliyepita miaka 50, hana mtoto, hana kazi, hana wa kuzungumza naye. Nyumba ni kubwa, ina minyororo na mbwa, na kuta zinanyamaza. Siku moja anasikia kicheko ghalani. Wafanyakazi wamemtia mpishi ndani ya pipa la unga lililoning'inizwa kwenye mizani, wanampima kwa dhihaka, na miongoni mwao yuko karani Sergei, kijana mzuri wa sura, hodari wa maneno. Katerina anataka naye apimwe. Ndiyo mara ya kwanza katika hadithi anapocheka. Tangu hapo mambo yanaporomoka: baba mkwe anamfumania Sergei na kumchapa, jioni anakula uyoga uliotiwa sumu ya panya, mume anarudi usiku, anauawa chumbani kwake na kufukiwa ghala la chini, kisha anatokea mrithi mwenzake, mtoto Fedya, mgonjwa, anayesoma maisha ya watakatifu kitandani, na huyo anafunikwa mto usoni huku watu wakitoka kanisani na kuchungulia dirishani.

Wanaoijua hadithi hii kwa opera ya Dmitri Shostakovich, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 1934 na kushambuliwa na gazeti la Pravda mwaka 1936, waelewe kwamba mtunzi huyo aliliondoa tukio la mtoto ili tumwonee Katerina huruma. Filamu ya Kiingereza ya mwaka 2016 nayo ilikihamishia kisa Uingereza na kubadili mwisho wake. Leskov hakutupunguzia lolote. Anatutaka tumtazame yuleyule mwanamke aliyechekea kwenye mizani, mto ukiwa mikononi mwake.

Hata hivyo, kurasa ambazo sijawahi kuzisoma bila kukaza pumzi hazina mauaji. Wamehukumiwa, wamechapwa, wanatembezwa kwa miguu kwenda Siberia pamoja na wafungwa wengine. Sergei amemchoka, anamtaka msichana mmoja wa miaka 17, Sonetka. Anamwendea Katerina usiku na kulalamika kwamba pingu zimemtoa vidonda vifundoni, huenda akaachwa hospitali ya Kazan. Katerina, kwa hofu ya kutenganishwa naye, anamvulia soksi zake ndefu za sufu, za buluu, zenye mapambo ya hariri, pea pekee iliyombakia katika baridi ile. Asubuhi anaziona miguuni mwa Sonetka. Anakwenda mpaka kwa Sergei na kumtemea mate machoni. Wakiwa kwenye kivuko cha Mto Volga anamrukia Sonetka na kuzama naye. Mwanamke aliyeua watatu ili asimpoteze mwanamume huyu amevunjwa na soksi, na mwandishi hasemi neno la kutuelekeza tuhisi nini.

Grusha wa Msafiri Aliyerogwa ni Mjipsi anayeimba. Flyagin anamsikia usiku mmoja akiwa amelewa na anamrushia noti miguuni mpaka fedha za bosi wake, rubo 5,000, zinakwisha zote. Bosi naye, yule knyaz, anamnunua Grusha kwa jamaa zake kwa rubo 50,000, kisha anamchoka na kumficha msituni ili aoe tajiri. Grusha anatoroka, anamkuta Flyagin, anamwapisha kwanza bila kumwambia anataka nini, halafu anamtaka amuue, kwa kuwa akijiua mwenyewe roho yake itapotea na akibaki hai atawaua yule bwana na mchumba wake. Flyagin anamsukuma gengeni, mtoni. Baadaye anakwenda jeshini kwa jina la kijana mwingine, mtoto wa wakulima wazee waliokuwa wakilia, akitafuta mahali pa kuteseka kwa ajili ya roho ya Grusha.

Vifo vyote viwili ni vya kutisha, ila havimlemei msomaji kwa namna moja. Cha Katerina kinafunga mlango. Hakuna kinachobaki isipokuwa maji. Cha Grusha kinakuja njia ikikaribia kwisha, na kinambadilisha msimulizi, tena unamsikia akibadilika, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye anayesema. Msomaji anayependa riwaya za uhalifu, anayetaka kisa kilichokazwa kama kamba ambacho hakitoki nje ya njia hata hatua moja, huyo aanze na Bibi Macbeth bila wasiwasi. Vilevile aliyezoea tamthilia za Shakespeare, labda kwa Makbeth ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, ataona jambo la kujifunza: Leskov ameuchukua uovu uliokaa ikulu na kuuweka katika nyumba ya wauza unga, bila wachawi, bila taji, na haukupungua hata kidogo.

Ambaye hawezi kuvumilia kifo cha mtoto kilichoelezwa kwa karibu, aiache mpaka baadaye. Huo si udhaifu. Mimi niliianza na kuiweka chini mara mbili, na niliimaliza tu baada ya kuwa nimeshamjua Leskov kwa kazi zake nyingine, nilipokwisha kuamini kwamba mtu huyu haoneshi ukatili kwa kuufurahia.

Kiroboto na dudubini

Mashoto ndiyo inayopendwa zaidi na Warusi wenyewe. Kisa chake ni rahisi. Mfalme Alexander wa Kwanza anaizuru Uingereza baada ya vita vya Napoleon, akifuatana na Platov, jemadari wa Wakosaki, wapiganaji wapanda farasi wa Urusi, ambaye hakubali kwamba wageni wanaweza kuwashinda Warusi kwa lolote. Waingereza wanamwonyesha mfalme bastola wanayodai haina mfano duniani. Platov anafungua skrubu na kusoma ndani yake jina la fundi, Ivan Moskvin wa mji wa Tula. Hapo Waingereza wanatoa kiroboto wa chuma cha pua, saizi ileile ya kiroboto wa kweli, anayetiwa ufunguo na kucheza dansi. Miaka inapita, mfalme mwingine, Nikolai wa Kwanza, anampa Platov kazi ya kuwapelekea mafundi wa Tula wajibu. Watatu, Mashoto akiwa mmoja wao, wanajifungia. Wanapotoka, kiroboto amepigwa kwato za chuma miguu yote, kila kwato ina jina la fundi aliyeitengeneza. Jina la Mashoto halimo, kwa sababu yeye alitengeneza misumari, na misumari hiyo hakuna kioo cha kuionyesha.

Lakini kiroboto hachezi tena. Mashoto anatumwa naye Uingereza, na huko Waingereza wanamwambia ukweli kwa upole: kama angesoma hesabu kidogo angejua kwamba mashine ndogo kiasi hicho imepimwa kwa nguvu fulani tu na haiwezi kubeba kwato. Yeye anakiri kwamba kwao wanajua Zaburi na kitabu cha kufasiri ndoto, basi. Msomaji wa haraka hukiona kisa hiki kuwa cha kujisifia taifa. Ukisoma polepole unaona ni kisa cha huzuni juu ya fundi ambaye nchi yake inajivunia mikono yake na haimthamini mwenyewe. Anarudi Petersburg mgonjwa baada ya kushindana kunywa pombe na baharia Mwingereza. Mwingereza anapelekwa ubalozini na kupewa daktari, Mashoto anavuliwa nguo kituoni, anakokotwa katika baridi toka hospitali hadi hospitali kwa kuwa hana karatasi, na kuangushwa akavunjika kichwa. Maneno yake ya mwisho ni ujumbe kwa mfalme: Waingereza hawasafishi bunduki zao kwa vumbi la matofali, na sisi tuache, isije ikatokea vita zikawa hazifai kupigia. Ujumbe haukufika. Msimulizi anasema ungefika, Vita vya Crimea, ambavyo Urusi ilishindwa, vingekwenda vingine.

Basi kwa nini nisiwashauri watu waanze nayo, ikiwa ndiyo fupi kuliko zote? Kwa sababu ya maneno. Msimulizi wa Mashoto huunganisha neno la kigeni na neno la Kirusi linalofanana nalo, na neno jipya linakuwa na maana mbili. Barometa ya baharini inakuwa buremetr, kwa kuwa burya ni dhoruba. Jedwali la kuzidisha, ambalo ni tablitsa, linakuwa dolbitsa, kutokana na kitenzi cha kutwanga, kwa sababu watoto hulitwanga kichwani. Makala ya gazeti, feuilleton, inakuwa kleveton, kutokana na neno la kusingizia watu. Hadubini inakuwa melkoskop, melky ikiwa ni kitu kidogo. Karibu kila ukurasa una neno la namna hiyo, na mfasiri ana njia mbili: kulainisha, akakupa kisa bila chumvi, au kubuni mizaha mipya katika lugha yake. William Edgerton alifanya la pili katika tafsiri yake ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1969 ndani ya mkusanyo wa hadithi za dhihaka za Leskov, na ndiyo ningeitafuta. Lakini mizaha hiyo imetengenezwa kwa sikio la Mwingereza. Anayesoma Kiingereza kama lugha ya shuleni, kama nilivyo mimi, husimama kila mstari wa tatu kujiuliza kama neno limekosewa chapa au limekusudiwa.

Kwa hakika, Kiswahili kingeweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko lugha nyingi. Sisi huyageuza maneno ya kigeni kila siku na kuyacheka wakati huohuo. Nimewahi kukaa jioni nzima na kalamu, nikijaribu. Hadubini ya Mashoto niliita dudubini, kwa kuwa imeletwa kumtazama mdudu, na nilifurahi kama mtoto. Barometa nikaifanya balaameta. Jedwali la kuzidisha lilinishinda. Siku mtu mwenye kipaji na subira atakapoileta Mashoto kwa Kiswahili, nitabadili ushauri wangu palepale na kusema watu waanze nayo, tena waisome kwa sauti.

Mambo ya kujua kabla ya kuchagua

Kwa urefu, Mashoto ina sura 20 fupi mno, na inasomeka kwa kikao kimoja. Bibi Macbeth ina sura 15, nayo inatosha jioni moja. Msafiri Aliyerogwa nayo ina sura 20, lakini ni ndefu zaidi ya mara mbili ya hizo nyingine, na inataka siku kadhaa. Mkusanyo uliotafsiriwa na Richard Pevear na Larissa Volokhonsky, wa mwaka 2013, unazo zote tatu, kwa hiyo anayeupata hahitaji kununua vitabu vitatu. Bibi Macbeth pekee naipenda zaidi katika tafsiri ya Robert Chandler, ambayo sentensi zake ni kavu na kali kama inavyostahili.

Msafiri ina kasoro ambazo sitazificha. Mikhail Katkov, mhariri wa jarida la Russky Vestnik, aliikataa, na ikabidi ichapishwe katika gazeti la Russky Mir. Aliyezoea kisa chenye kitovu kimoja atalalamika kwamba matukio yamefuatana tu kama shanga, na kwamba ungeweza kutoa moja bila uzi kukatika. Ni kweli kwa kiasi fulani. Kinachoyashikilia ni unabii wa mtawa na sauti ya Flyagin. Usipoipenda sauti hiyo katika sura tatu za mwanzo, hakuna kitakachokuvuta mbele.

Jambo la pili ni zito zaidi, na msomaji Mwislamu, wa pwani au wa bara, ana haki ya kuambiwa mapema. Flyagin anawazungumzia Watatari kwa kiburi cha Mkristo wa kijijini wa karne ile. Amezaa watoto na wake aliopewa nyikani, na anawaambia abiria kwamba hakuwahesabu kuwa watoto wake, kwa kuwa hawakubatizwa. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikasirika. Niliporudia niliona kwamba Leskov amewafanya abiria wamuulize kwa mshangao, tena na tena, iwapo kweli hakuwa na hisia za baba. Na majibu mafupi ya Flyagin yanaonyesha upofu wake kuliko ambavyo hukumu ya mwandishi ingeuonyesha. Hata hivyo maneno yapo, na yanauma. Bibi Macbeth na Mashoto hazina mzigo huo.

Kwa hiyo, anayeniuliza uso kwa uso namwambia aanze na Msafiri, akiwa na wiki moja ya nafasi, na kama inawezekana awe na mtu wa kumsomea baadhi ya sura. Ndiyo iliyo na Leskov mzima: mahakama na viboko, farasi na barabara, kanisa na pombe, na juu ya yote msimulizi aliyepitia kila ovu bila kuwa mwovu. Asiye na wiki, asijilazimishe nayo. Achukue kwanza Mlinzi wa Zamu ya mwaka 1887, yenye kurasa chache, ambayo askari Postnikov anaacha lindo lake kwenye ikulu ya Petersburg ili amwokoe mtu anayezama katika Mto Neva, anapewa viboko 200, na nishani ya uokoaji anapewa afisa ambaye hata hakulowa. Akiifunga na kujikuta anataka kujua mwandishi huyu ameandika nini kingine, basi meli ya Ladoga inamngoja. Mashoto aifuatishe baada ya hapo, kalamu ikiwa mkononi, na Bibi Macbeth aiweke ya mwisho, mchana, si usiku.